Kache na Gari Lililotembea Kama Mama Elvis

Kache hutengeneza redio na simu Garsen, kibandani nyuma ya soko la mbuzi. Ni Mgiriama. Mumewe alimwachia redio moja mbovu, akaenda Malindi kwa mwanamke mwenye redio nzima. Kache akaifungua ile mbovu aone mume alipenda nini humo ndani. Ilimchukua siku tisa kuirudisha. Ikasema. Tangu hapo hajaolewa tena wala hajanunua redio.

Namwandika kwa sababu ya gari. Herufi nilizijua ukubwani, darasa la ngumbaru, kwa hiyo nitasema kidogo.

Mke wangu Josephine alipanda mahindi mwezi wa nne, akafa wa tano. Mbegu ilikuwa yake, ya mama yake, ile ya punje nyekundu. Dukani haiko. Mwaka juzi mafuriko yalichukua shamba lote, akabaki na hindi moja lililoning'inia juu ya meko. Alipanda hilo. Nyani wakila haya, mbegu imekwisha.

Nyani wa Golbanti, kijijini kwetu, hawaniogopi. Nikienda na fimbo wananitazama kama wanaongoja nimalize. Josephine walimwogopa. Hakupiga kelele, hakurusha jiwe. Alitembea tu, polepole, moja kwa moja, mbele pakiwa na tuta au mfereji ni sawa. Nyani anamwelewa mtu anayekimbia. Mtu asiyekimbia wala kusimama hamwelewi.

Mwanangu Elvis wa Mombasa alikuja matangani na gari la kuchezea, la rimoti, tairi kubwa kama sufuria. "Usikae bure, baba," akasema, akalijaribu pale pale. Likapita katikati ya mkeka wa wazee. Mchungaji akainua miguu, akaendelea na maombi.

Nikalipeleka shambani. Lilikimbia hatua tano, likapanda bonge la udongo, likaruka, likalala chali tairi zinazunguka. Nyani mmoja wa sikio moja akaja akaligeuza. Likakimbia, likapinduka. Akaligeuza tena. Wenzake wakakaa kutazama. Nilicheza na yule nyani mpaka betri ikaisha, na waliochoka kutazama wakang'oa mistari miwili ya mahindi upande wa mto.

Kesho yake nilipanda bodaboda hadi Garsen.

Kache akaligeuza gari juu chini. "Baba Elvis, hili ni la kuruka."

"Nimeona."

"Wewe wataka la nini?"

"La kutembea kama Mama Elvis."

Hakucheka. Josephine alikuwa akimletea mchele. Kache akaweka bisibisi chini.

"Alitembeaje?"

Nikatembea. Kutoka kibandani hadi kwa muuza mitumba na kurudi. Muuza mitumba akauliza kama nimeumia kiuno.

"Siye huyo," Kache akasema. "Wewe watembea kama mtu anayetafuta choo. Yeye bega la kushoto lilikuwa chini."

Nikashusha bega, nikaenda tena.

Kazi ilichukua wiki tatu. Kwanza aliondoa mbio. Akatoa gia za plastiki, akatia za chuma kutoka drili iliyoungua, mota izunguke sana na tairi izunguke kidogo. Kisha difu, ile inayogawia tairi nguvu za mota. Alinionyesha: tairi moja ikining'inia hewani, nguvu zote zinaenda kwake, na ile iliyoshika chini inakaa bure.

"Ndivyo alivyokuwa mume wangu," akasema. "Nguvu zote kwa asiyeshika ardhi."

Akalilehemu difu, tairi zizunguke pamoja zitake zisitake.

Betri akaishusha chini kabisa. Ndani ya rimu akafunga chubwi, zile risasi za nyavu za wavuvi, maana mzito wa miguu haanguki. Springi ngumu akazitupa, akatia za kalamu, ili tairi moja ipande bonge na tatu zibaki chini. Tairi akazijaza sponji ya godoro. Vijiti vya kushika ekseli vilikuwa vya plastiki, akaweka spoku za pikipiki. Kile kidude kinachosikia rimoti akakivika puto kisiingie maji.

Halafu akapanda paa la kibanda akalitupa chini. Likavunjika. Akaunganisha, akapanda tena. Mara ya nne halikuvunjika. Aliyelalamika ni mbuzi aliyekuwa chini.

Tukalipima mwendo. "Bado ana haraka," akasema, akapunguza. Mara ya mwisho nilitembea sambamba nalo, bega chini, tukafika kwa muuza mitumba pamoja. Nikasimama pale kidogo. Kache akajipa kazi ya kupanga misumari.

"Sasa limekosa nguo," akasema.

Nguo za Josephine ziligawiwa siku ya kuanua matanga. Leso moja niliificha. Imeandikwa UTACHOKA WEWE MIMI NIPO. Alikuwa akiivaa tukigombana. Kache akafanya kiunzi kwa mbavu za mwavuli, kimo cha goti, tukalivika.

Asubuhi nyani walikuja, sikio moja mbele. Alipoliona akalisogelea kwa furaha, mkono tayari kuligeuza. Gari halikukimbia. Halikupinduka. Likapanda tuta, likashuka, likazama kwenye mpasuko wa udongo, leso tu ikaonekana, kisha likatoka upande wa pili likimwendea. Akalitazama. Akanitazama mimi. Akarudi nyuma hatua moja, mbili, na wote wakaondoka bila fujo, kama walioitwa nyumbani.

Nikawa nalitembeza kila siku, asubuhi na alasiri. Kina mama wa kanisa walinung'unika juma la kwanza. Juma la pili wakawa wanapita ukingoni, "Mama Elvis, waonaje?" Mimi nikawa sisalimiwi.

Shamba letu limepakana na malka, njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Kwenye malka ng'ombe hapishi mtu, mtu ndiye humpisha ng'ombe. Hata mkuu wa wilaya alipisha. Adan ni Muorma, rika langu, amepitisha ng'ombe hapo tangu nywele zetu nyeusi. Mtu mmoja tu hakupisha ng'ombe wake.

Wiki ya kuvuna, mahindi yamekauka yanalia kwa upepo, rimoti ilikufa mkononi mwangu. Gari halikufa. Lilishika amri ya mwisho, likatoka shambani, likaingia malka kuvuka. Na ng'ombe wa Adan wanateremka, kama sabini, wana kiu. Nikaona mambo yote kwa pamoja. Wakishtuka watakimbilia palipo wazi, na palipo wazi ni mahindi yangu.

"Adan," nikaita, "zuia ng'ombe."

"Ng'ombe wana kiu. Wewe zuia gari."

"Halinisikii."

"Mama Elvis naye hakukusikia." Halafu akaiona leso. Akaenda mbele ya dume lake, akalaza fimbo shingoni mwake, akapiga mluzi wa chini. Dume likasimama. Nyuma yake wote wakasimama.

Tukangoja. Malka ni pana na gari lilikuwa na mwendo wake. Ng'ombe mmoja akakohoa. Likafika katikati, likasimama.

"Afanya nini?" Adan akauliza.

"Betri. Amechoka."

"Si imeandikwa utachoka wewe?" Adan hajui kusoma, lakini leso ile alisomewa na mwenyewe, zaidi ya mara moja.

Tukaendelea kungoja, sijui tukingoja nini. Ng'ombe sabini wenye kiu, mto wanausikia harufu, hakuna aliyesogea. Mwisho Adan akasema polepole, "Godhana. Nenda kamchukue mkeo."

Nikaenda nikalibeba mikononi. Ni zito, kwa zile chubwi. Nikarudi nalo kando, Adan akaondoa fimbo, ng'ombe wakapita. Hata mmoja hakuingia shambani.

Nilivuna. Mahindi kumi mazuri nimeyaning'iniza juu ya meko. Mawili nilimpelekea Kache. Yeye hana meko kibandani, ameyafunga juu ya meza, kwenye moshi wa kulehemu.

Rimoti aliitengeneza. Akataka pia alipunguzie gari uzito, eti nitachoka kulibeba. Nikamwambia aliache.