Breteli za Papa Kifuani mwa Mapepe

Nacheka peke yangu nikiandika "enzi zetu", maana niko na miaka kumi na saba tu. Lakini nyinyi mliokua pamoja nami huku mtaani Panda mtanielewa. Wakati wetu mbwa hakuwa na vitu vya dukani. Mdogo wangu Glody, mwenye kujua kila kitu kwa sababu alikiona kwenye simu, haamini.

Nakumbuka jioni zile, moshi wa kiwanda cha Shituru ukituwasha koo, harufu ya kalembula, majani ya viazi vitamu, ikitoka kila jiko, sisi wasichana tukiruka kamba barabarani mpaka mama zetu wachoke kutuita. Halafu mbwa wetu Mapepe anapita katikati kama mtu aliyechelewa treni, na mimi nyuma yake, nakokotwa. Kamba ilikuwa shingoni mwake. Kadiri alivyovuta ndivyo alivyokohoa, kama mzee wa tumbako, na bado alivuta. Mimi naona haya hata kuitika jina langu darasani. Sasa barabara nzima inanitazama!

"Mapepe, unamupeleka Nadine wapi leo?" watoto walipiga kelele.

Papa, baba yetu, hakucheka. "Ikimukokota tena huyu mutoto mbele ya bantu, naipeleka ziwani Tshangalele kwa shangazi yenu, ikalinde samaki."

Papa si mtu wa kusema kitu mara mbili.

Aliyeniokoa ni Kaku, mama yake Papa, aliyekuwa amebeba nusu ya watoto wa mtaa mgongoni. "Mutoto tunamufungaka mu shingo?" akaniuliza. "Tunamufunga ku kifua. Mbwa njo vile vile." Akaleta ngobo yake, kitambaa cha kubebea mtoto, akamzungushia Mapepe kifuani na chini ya makwapa, akapitisha vidole viwili ndani. "Vidole vikipita, anapumua. Mukono muzima ukipita, atatoroka."

Mapepe alipendeza kweli, kama mama anayekwenda kliniki. Akarudi nyuma hatua chache, akajikunja, akatoka mzima mzima, ngobo ikabaki mikononi mwangu. Tukajaribu mikanda ya begi langu la shule. Ile ilimbana makwapani, akasimama kama sanamu, akanitazama kwa huruma.

Ndipo Kaku akaona kwenye msumari breteli za Papa, ile mikanda ya mabegani ya kushikilia suruali, ambayo aliivaa siku za sikukuu tu. Nikasema, "Kaku, Papa atatuua." Akajibu, "Huyu muntu nilimuzaa minye. Vintu vyake ni vyangu."

Zilimwenea sawasawa! Vidole viwili, wala si zaidi. Kitu kimoja hatukukifikiria: breteli ni za mpira. Mapepe akikimbia, zinavutika, zinavutika, kisha mimi naruka kama jiwe la manati.

Jumapili ile ilikuwa ya maandamano ya Sakramenti, na Papa alikuwa mmoja wa wanaume wanne wenye kushika nguzo za kitambaa kinachomfunika padri. Asubuhi alitafuta breteli nyumba nzima. Kaku, bila hata kupepesa macho, akamwambia, "Funga na kamba, koti itafunika." Kamba iliyokuwa karibu mnajua ilikuwa ya nani.

Mimi nilisimama kando ya njia na Mapepe, nimejificha nyuma ya mama mmoja mnene. Kwaya ikapita, maua yakamwagwa, Papa akatokea na nguzo yake, mtakatifu kabisa. Chini ya koti, ncha ya kamba ilikuwa inaning'inia. Na Mapepe aliijua kamba yake. Kwake maana yake ilikuwa moja tu, tunakwenda kutembea. Breteli zikavutika, nikaruka mbele ya parokia nzima, na yeye akaikamata ncha kwa meno, akavuta; kamba ikamkaba Papa kiunoni, kisha fundo likaachia na suruali ikaanza kuteremka.

Papa hakuweza kuachia nguzo. Alibana magoti. Alimaliza njia yote hivyo, kwa hatua ndogo ndogo kama bibi-arusi, na sauti za kwaya zilikuwa zinakatika kwa kicheko.

Nyumbani alivua koti, akakaa kula. Mimi nilimshikilia Mapepe, nikiona Tshangalele mbele ya macho. Kisha Papa akaita, "Lete mbwa." Akainama, akapitisha vidole chini ya breteli.

"Alikohoa leo?"

"Hapana, Papa."

Akainua shati. Kiuno kizima kilikuwa na alama nyekundu. "Hii kamba inakabaka," akasema polepole. "Aba, minye niliivaa. Muachie breteli. Anabaki."

Kaku akatoka nje haraka, na tulimsikia akicheka mpaka kwa majirani.

Leo Kaku hayuko tena. Glody amemwagizia Mapepe mikanda mizuri toka Lubumbashi, laini, yenye vifungo kifuani na mgongoni, isiyobana popote. Jana nilimvalisha. Nikapima kwa vidole viwili, vikapita vizuri. Lakini Mapepe amezeeka, mdomo umekuwa mweupe, anatembea kando yangu kwa adabu kama mtoto wa katekisimu. Watoto hawakuinua hata macho kutoka kwenye simu zao. Tulipofika pale pa kuruka kamba nilisimama, nikaishika mikanda kwa nguvu kama zamani, nikangoja anivute.

Akaketi.