Maji ya Ijumaa

Enyonam Ahiable alikuja kwenye mafunzo yetu Cape Coast akiwa na shahada ya uzamivu ya kemia ya maji, sanduku la vifaa alilolibeba kifuani kama mtoto mchanga, na uhakika kwamba yeye angemaliza kazi kabla wengine hawajaelewa swali. Mimi ndiye niliyekuwa mratibu. Niliwatafutia watafiti vyumba, magari na chakula, kwa hiyo nilikutana nao wakiwa na njaa, na mtu mwenye njaa hafichi tabia yake. Enyonam alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukatiza maneno ya mwenzake.

Mafunzo yalikuwa ya watafiti wachanga, waliomaliza kusoma lakini hawajawahi kuongoza mtu. Yaliongozwa na Profesa Afrakoma, mwanamama aliyeanza maisha kama daktari wa mifugo akaishia kuongoza wanasheria, wachumi na wataalamu wa mbu katika kazi moja. Sharti lake lilikuwa gumu: kila mmoja aongoze timu ambayo ndani yake hakuna mwingine aliyesomea alichosomea yeye.

Enyonam alichagua kwenda kwao, Agorkope, kijiji kilichokaa juu ya mchanga karibu na Anloga, bahari upande mmoja na ziwa la chumvi upande wa pili. Watu wa kule wanaishi kwa vitunguu vidogo vyekundu, na vitunguu vilikuwa vinakauka ncha kwa sababu visima vimeanza kutoa chumvi. Mama yake alimsomesha kwa vitunguu hivyo. Alipolizungumzia jambo hili mbele ya darasa, sauti ilimpanda hadi Profesa akamwomba akae anywe maji.

Timu yake ilikuwa ya watu wawili. Pokuaa, wa sosholojia, Mwashanti wa Kumasi mwenye mdomo usiolala. Na Issifu, mhandisi kutoka Tamale, mpole, anayefikiri kwa kuchora. Kikao chao cha kwanza kilivunjika kabla chai haijapoa. Enyonam alikuwa ameshagawa kazi zote: yeye atapima maji, Issifu atashika kamba, na Pokuaa mwishoni atawaeleza wakulima majibu.

"Kwa hiyo mimi ni mpiga mbiu," Pokuaa alisema. "Nimesoma miaka yote hiyo nije kukupigia debe, dada."

Enyonam akamjibu kwamba chumvi haihojiwi, inapimwa. Pokuaa akachukua mkoba wake akatoka. Issifu alibaki anachora kikombe.

Nilidhani Profesa angewapatanisha. Badala yake aliwaita ofisini, akatafuna karanga zake kwa ndizi ya kuchoma mpaka zikaisha, kisha akatoa amri. Kwa majuma ya mwanzo Enyonam asiguse kipimo chochote. Vipimo apewe Pokuaa, na Enyonam achukue kinasa sauti akawahoji wakulima. Enyonam alisema huo ni upotevu wa muda. "Ni kweli," Profesa alimwambia, "utapoteza muda wako mpaka ujue kazi ya mwenzako inauma wapi. Ukishajua, utaweza kumwongoza."

Wakaenda Agorkope. Niliwapeleka mwenyewe, nikabaki nao kwa sababu gari lilikuwa moja. Mwenyeji wetu alikuwa Efo Kwasivi, kiongozi wa wakulima, mtu mrefu mwenye utani mwingi. Alipoona Mwashanti anapima visima na binti wa palepale anauliza maswali, alisema dunia imegeuka, tangu lini watu wa bara kule Kumasi wanajua maji.

Enyonam aliteseka. Alikuwa anauliza swali na kulijibu mwenyewe. Wakulima walikuwa wanamtazama kwa heshima na kunyamaza, na Pokuaa, aliyekuwa akipita na ndoo, alimwambia polepole, "Funga mdomo, dada. Ukimya nao ni swali." Akajifunza kunyamaza. Akaanza kusikia mambo: nani amerithi tuta gani, nani haongei na nani, kwa nini fulani ana pampu mbili. Jioni alikuwa anarudi amechangamka, anakula akple, ugali wa kwao, na samaki huku anasimulia, mpaka Issifu akamwambia chakula chake kinapoa.

Pokuaa naye alikuwa na shida zake. Kisima kilekile kilimpa maji matamu siku moja na ya chumvi siku nyingine. Alidhani anakosea. Enyonam alijizuia asimnyang'anye kipimo; niliona vidole vyake vikijikunja. Alimwonyesha tena namna ya kukisafisha, lakini majibu yakabaki yaleyale, leo hivi, kesho vile.

Jumamosi moja tulialikwa msibani. Alifariki bibi mmoja mkubwa wa kijiji, na kwetu Ghana Jumamosi ni ya mazishi, huwezi kukwepa. Tulikaa chini ya maturubai tumevaa nyeusi na nyekundu, ngoma zinalia, na ili kusikilizana ilibidi kusemezana sikioni. Nilikaa katikati ya Enyonam na Pokuaa, ndiyo sababu nilisikia yote.

Enyonam alikuwa analalamika. Alisema mahojiano yake ya jana yote yameharibika. Ukisikiliza kinasa unasikia pampu tu. Kila Ijumaa ni hivyo, alisema, kijiji kizima kinanguruma tangu alfajiri, kwa sababu Jumamosi watu wako msibani na Jumapili wako kanisani, basi wanamwagilia ya siku tatu kwa mkupuo.

Pokuaa aliacha kupiga makofi. "Na mimi leo asubuhi kabla ya kuja huku nimepima," akasema. "Chumvi tupu. Jumamosi iliyopita pia. Siku za katikati ya juma maji ni matamu."

Walitazamana. Niliona uso wa Enyonam ukibadilika kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali. Akasimama pale pale katikati ya watu walioketi, mikono kichwani, machozi yanamtoka huku anacheka. Efo Kwasivi akaja mbio akamshika bega, akamwambia pole mwanangu, bibi ameishi vizuri. Pokuaa akaeleza kwamba mwenzake amezidiwa, wakamtoa nje, Issifu akafuata na sahani yake ya chakula mkononi.

Nyuma ya maturubai, walipomsimulia, Issifu ndiye aliyelifunga jambo. Alisema chini ya mchanga ule maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichota taratibu unapata mafuta. Ukizamisha mwiko, mchuzi unapanda. Pampu zote zikivuta kwa pamoja, chumvi inapanda, zikipumzika, inashuka. Alichora kwa kijiti ardhini, na Enyonam, ambaye miaka yote aliamini bahari inaingia kutoka pembeni, alipiga magoti na nguo zake za msiba akiongeza mistari. Walikuwa wanasema wote kwa pamoja, na hakuna aliyechukia kukatizwa.

Walirudia kupima kwa majuma kadhaa, safari hii wote watatu, kila siku, kila kisima. Ilikuwa vilevile. Mimi nilikuwa nimesharudi Cape Coast, na Enyonam alinipigia simu asubuhi na mapema kuniambia, kisha akanipigia tena kwa sababu alisahau kama ameshaniambia.

Kikao na wakulima kilikuwa kigumu. Enyonam alifungua kwa maneno machache akakaa, akampa Pokuaa nafasi. Efo Kwasivi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo mnataka tuache kufa Jumamosi?" Watu walicheka sana, na kicheko kile ndicho kilichosaidia. Pokuaa akajibu kwamba wafe tu siku wanayotaka, ila wasimwagilie wote siku moja. Mabishano yalikuwa ya mitaa ipi ianze Jumatano na ipi Alhamisi, maana kuna koo zilizokuwa hazisemeshani. Hapo Enyonam alitumia yote aliyoyasikia aliponyamaza. Alijua nani amwombe nani, na nani asiulizwe mbele ya watu. Issifu akafupisha mabomba yaliyozama mno. Msimu uliofuata ncha za vitunguu zilibaki kijani karibu kila tuta, isipokuwa kwenye visima viwili vya ufukweni ambavyo hata leo hatujui la kuvifanya.

Gharama ilikuwepo. Mkuu wa idara yake alimshauri atoe makala ya chumvi peke yake, kwenye jarida la kemia, apandishwe cheo haraka. Alimwambia kazi yenye majina ya watu wa sosholojia kamati haitajua iiweke wapi. Enyonam alikuja ofisini kwangu. Nilimuuliza atafanyaje. "Nikiandika peke yangu nitakuwa nasema uongo," alisema. "Mimi nilikuwa najua chumvi. Ijumaa sikuijua." Makala ikatoka kwa majina matatu. Cheo kilichelewa; wenzake wawili walimtangulia, na najua kilimuuma, kwa sababu aliacha kuhudhuria sherehe zao.

Mwaka jana Profesa Afrakoma alistaafu, akamkabidhi mafunzo. Sasa ana kazi ya pwani nzima, kutoka Keta hadi Togo na Benin, yenye timu za nchi tatu. Majuzi aliingia ofisini kwangu anakimbia, akaniambia nitafute vyumba Lomé. Kuna mwanahistoria kule na mtaalamu wa mawimbi hawaelewani hata kidogo, wanataka kuachana.

"Pata vyumba vinavyotazamana," aliniambia, akiwa ameshafika mlangoni. "Hawa wawili wana kitu."