Kamuti ka Kufukiza Maziwa

Ule mwaka tulikula mboga ya lengalenga asubuhi na magaribi, maharagi ya Rutshuru tunayasikia tu kwa midomo ya watu. Ndipo wakwe wa Masisi wakatuma neno: siku ya Mungu, wakitoka misa, wanakuja kuomba mujukuu wangu Neema. Hao ni watu wa ng'ombe. Ukiwapa maziwa katika kibuyu chenye hakikupita kwenye moshi, watanusa na kusema nyumba hii haina wazee. Mimi niko muzee.

Siku ya tano, siku mbili mbele ya wageni, saa kumi na mbili asubuhi, nilitoka kwetu Ndosho kwa moto, pikipiki ya kulipia, kutafuta kamuti ka kufukiza kibuyu.

"Papa, pole pole! Mimi si muzigo wa viazi!"

"Koko, viazi havisemi," motari mwenye kuiendesha akajibu, akiniita bibi.

Kwenye kila kizuizi cha askari tulingojeshwa, nikashika koti ya motari kwa woga.

Saa nne, Kibumba. Baridi inauma mifupa. Wifi yangu, Mama Zawadi, alinipokea mulangoni.

"Umekonda, wifi."

"Na wewe umezeeka. Twende."

Tulipanda kwenye mawe ya volkano, kule kamuti kanaota. Hakafiki kwenye goti, majani kama sindano, maua madogo ya pinki. Moshi yake inafanya maziwa yanukie nyumbani. Tulikuta muteremuko mweusi: watu wa makala, wale wenye kuuza makaa, walichoma wote. Kati ya mawe mawili kamebaki kamoja, kamejaa maua, nyuki juu yake.

Mama Zawadi akanipa panga. "Kata. Kesho watakachoma bure."

Nilimufikiria Neema. Nikarudisha panga.

"Sikati muti wenye umebaki peke yake."

Kurudi, kila kona nilitafuta uongo wa kuwaambia wakwe, sikupata. Nyumbani nikafukiza kibuyu kwa majani ya kalitusi. Kosa la mutu mwenye woga!

Siku ya Mungu, muzee wao alionja, akakohoa.

"Mama, haya maziwa ao dawa ya kifua?"

Ndugu zake wakacheka. Nikamuelezea yote. Akaweka kibuyu chini, hakucheka tena.

"Kamuti kamoja kanashinda mutoto wako? Tuma mutu akakate. Tutangoja. Bila ile moshi, tunarudi kwetu."

Neema aliangalia mukeka, hapumui. Ile safari ilinifunza hivi: woga haufungi kinywa, unatetemesha tu sauti. Sauti yangu ilitetemeka, wote walisikia:

"Sikati muti wenye umebaki peke yake."