Gunia la Mama Halima

Leo mwanafunzi wangu amenifundisha Kiingereza.

Huwa nafundisha kina mama Kiingereza hapa mtaani Wabera, mchana, wakishamaliza biashara. Neno la leo lilikuwa "innovate".

Nikaeleza. Simu. Roboti. Magari ya stima. Jasho likanitoka, na si la joto peke yake.

Mama Halima, anayeuza maziwa ya ngamia, akafunga daftari lake.

"Mwalimu, hiyo ni mambo ya watu wa Nairobi. Mimi kichwa yangu imezeeka."

Akasimama. Jamani, nilijua nimempoteza.

Lakini hakwenda mlangoni. Alienda kwa mtungi wake wa maziwa, akauvua gunia lenye maji linalozuia maziwa yasiharibike kwa jua, akalilowesha tena, akalitundika dirishani.

Upepo ukapita kwenye gunia. Darasa likapoa! Kina mama wakapiga vigelegele.

"Nani alikufundisha hiyo?" nikamuuliza.

"Hakuna mtu. Kama inapoza maziwa, si itapoza watu pia?"

"Basi hiyo ndiyo innovate, mama. Kuchukua kitu ulicho nacho na kukipa kazi mpya."

Akalitazama gunia. Akanitazama mimi.

"Ni hiyo tu? Na vile umetusumbua na maroboti!"

Kisha akaketi, akafungua daftari. "Haya, andika tena. Pole pole."

Kama mama yako ana ubunifu wa aina hii, nisimulie hapo chini. Kesho nahitaji mifano, na roboti nimezistaafisha.