Kizibao cha Njano

Mke wangu huhesabu magari. Nikisema hivyo watu hucheka, wakidhani namtania, lakini hiyo ndiyo kazi yake, mwaka wa kumi na moja sasa. Idara ya barabara humpa kiti, daftari na kifaa cha kupimia mwendo, naye hukaa njia panda akiandika kila lori na kila pikipiki, nani kakimbia, nani kasimama na kwa muda gani. Jioni hupeleka hesabu zake kwa injinia, binti mmoja mwenye adabu zake, anayeziingiza hesabu hizo kwenye kompyuta. Humo ndani zimo barabara zetu zote na vigari vidogo vinavyokwenda kama magari yetu, na kompyuta hukisia kila mtaa utavuta moshi kiasi gani.

Usicheze na daftari la mke wangu. Nyumbani hata vijiko anajua idadi yake, na ole wako kimoja kipotee.

Mwaka huu idara ilitaka kujua kama malori yote ya sokoni yapitishwe mtaa huu. Hapa ndipo penye duka langu la ushonaji, na mkabala wake ipo chekechea anakosoma mjukuu wetu, yule mwenye kifua cha kubana. Mke wangu akapangiwa njia panda hii hii, mbele ya mlango wangu, wiki tatu, na kizibao chake cha njano kinachong'aa. Nisiseme uongo, nilifurahi. Chai ya saa nne tulikunywa pamoja kama wachumba.

Wiki moja baadaye majibu yakatoka. Moshi wa mtaa wetu ni kidogo, malori yapite tu. Ijumaa wakubwa wangetia saini.

"Haiwezekani!" nikamwambia alipopita dukani kunywa chai.

"Baba watoto, kompyuta haina ugomvi na wewe. Niliandika nilichokiona."

Nikashusha shati jeupe la sare nililolitundika dirishani asubuhi, nikapitisha kidole kwenye kola. Kikatoka cheusi. "Na haya masizi je? Yaani ulipokuwa umekaa hapo nje mashati yangu yalikaa safi, umeondoka tu, yamerudi!"

Nilisema kwa hasira tu, wala sikufikiri. Yeye akaweka kikombe chini. Akakitazama kizibao mkononi mwake, kisha akatazama nje. Lori likaja linanguruma, dereva kakanyaga mafuta kama anafukuzwa, likafunga breki kwa kishindo, likaondoka tena na wingu jeusi nyuma yake.

"Mama yangu wee," akasema. "Walidhani mimi ni trafiki."

Jamani! Wiki tatu nzima madereva walikuwa wakimwona yule mama wa njano, wanapunguza mwendo, wanapita taratibu kama wanakwenda kuposa. Gari likienda hivyo moshi wake ni mdogo. Kompyuta ililishwa adabu za kuigiza, nayo ikaamini.

Nilimwona akiumia. Hajawahi kurudishiwa daftari kwa kosa hata siku moja. "Nikisema, wataona sijui kazi," akaniambia.

"Na usiposema?"

Aliangalia geti la chekechea. Kisha akampigia injinia, akamweleza yote.

"Mama, hilo hata mimi sikuliwaza," injinia akasema. "Lakini nahitaji hesabu mpya kabla ya Ijumaa."

Siku tatu alikaa nyuma ya dirisha langu, kavaa gauni la nyumbani, daftari kalificha chini ya kitambaa. Mteja mmoja akamwomba ampunguzie suruali. "Subiri kwanza lori lipite," mke wangu akamjibu, na yule bwana akasubiri kweli.

Alhamisi kompyuta ikakisia moshi zaidi ya mara mbili ya ule wa kwanza. Ijumaa wakubwa hawakutia saini. Badala yake wakaweka bango la kuzuia malori mtaani kwetu, na mke wangu wakampa kazi ya kuwafundisha wenzake kujificha.

Jumatatu baada ya bango nilitundika shati jeupe pale pale dirishani. Jioni mke wangu akaingia, hata salamu hakuna, akapitisha kidole kwenye kola. Akakigeuza huku na huku, akanionyesha. Kilikuwa kisafi, na nje hakukuwa na mtu yeyote wa njano. Nilitaka kumtania, nikashindwa, maana machozi yalikuwa yanamtoka, mwanamke asiyelia hata akikata vitunguu.