Kinsi wa Bondeni na Wimbo wa Sukari

Kinsi binti Farah bin Gelle: mjukuu wa Gelle aliyeswaga ng'ombe kwa miguu kutoka kaskazini hadi Naivasha, binti wa Farah aliyefungua bucha Nakuru wakati mji ungali vibanda vya mabati, na yeye mwenyewe ndiye aliyewakanda wazee wa mtaa wa Bondeni, hapo Nakuru, magoti mpaka wakarudi kusujudu msikitini.

Mwaka wa hamsini na nane akaja kwake Cheptanui, mkamuaji wa shamba moja la mzungu huko Njoro. Magoti yalikuwa yameliwa na miaka. Akikaa kwenye kigoda, hainuki mpaka avutwe. Nyapara Kipsang alikuwa ameshasema: Jumatatu akishindwa kuinuka peke yake, aende kupalilia pareto, na ng'ombe wake Sukari apewe mtu mwingine.

"Mfupa ulioisha sina mpya wa kukupa," Kinsi alimwambia, akipasha moto mafuta ya mkia wa kondoo. "Lakini nyama inayoushika nitailegeza. Haya, imba."

"Mama, nimekuja kukandwa. Kanisa nimelipita huko njiani."

"Mtu akijikaza hakandiki. Sukari huwa unamwimbia nini?"

Cheptanui akaona haya, kisha akaanza. Jirani Nuria akapaza sauti kutoka uani: "Kinsi, toa maziwa basi!" Wakacheka wote, Cheptanui zaidi. Vidole vya Kinsi vilipanda pajani, vikashuka kwenye kigimbi. Sauti ilipokatika kwa maumivu, kidole gumba chake kilibaki hapo hapo kikisugua polepole, mpaka wimbo ukaendelea. Kifuu chenyewe cha goti hakukikandamiza kamwe. Wiki nzima ikawa hivyo.

Jumatatu Kinsi akapanda treni hadi Njoro, akasimama kando ya banda la kukamulia, moyo juu. Cheptanui akamaliza, akashika ndoo, akanyanyuka mwenyewe. Magoti yalilia kama mlango wa zamani, lakini wimbo haukukatika. Kinsi akapiga vigelegele mpaka Sukari akageuka kumtazama. Kipsang akakuna kichwa, akaenda zake.

Lakini kitu kingine kilikuwa kimemvuta Kinsi macho: vile vidole vya Cheptanui, vyenye nguvu zote hizo na ng'ombe hashtuki. Akamwekea kopo la mafuta mkononi.

"Magoti ya shamba hili ni yako sasa, mwanangu. Anza na Kipsang, anayejifanya hachechemei. Na asipoimba, usimguse."