Kichwa cha Sangala, Mabawa ya Musambi

Ndege musambi na samaki sangala wote wanaadimika kwetu Uvira. Ila musambi kazaliwa na taji kichwani, basi watu humpiga picha. Sangala kazaliwa na mafuta, humtafutia ndimu. Haki gani hiyo? Inaniudhi mpaka leo.

Baba yangu, mvuvi wa Songo, alikuwa kwenye kamati iliyokubali ziwa lifungwe kwa muda ili samaki wazae. Alipiga makofi kuliko wote. Kisha akapanga siku ya kuwapokea wakwe wa dada yangu katikati ya muda huohuo! Na nyumbani kwetu, baba wa bwana harusi asipopewa kichwa cha sangala, tena kikubwa, ameshaambiwa kimyakimya kwamba hatakiwi. Kubadilisha siku ni aibu nyingine. Dada alimpenda kijana wao kweli, akaacha hata kula kwa hofu.

Wakwe wakaja kutoka Runingu. Mzee wao akatoa kwenye kikapu musambi mzima, korongo mwenye taji la dhahabu, manyoya ya mabawa yamekatwa. Wapo wanaoamini kuwa ndege huyo akikaa uani huleta baraka. Akatembea kati ya kuku wetu kama gavana aliyekosea mlango, na majirani wakatoa simu zao.

Sisi tukatoa sombe, majani ya muhogo, na maharage.

“Kichwa iko wapi?” mzee akauliza.

“Iko mu ziwa,” baba akajibu. “Iko nazaa.”

Dada akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Baba, ambaye akikosea ndipo huzidisha maneno, akaongeza: “Na uyu ndege yako, weye mukwe, atazaa na nani? Na jogoo yangu?”

Nikajua harusi imekwisha. Lakini mke wa mzee akaangua kicheko. Kumbe naye alimwambia mumewe hivyohivyo tangu nyumbani. Mzee akacheka kwa shida. Wakakubaliana musambi arudishwe Runingu, aachiwe manyoya yakiota, na kichwa kiliwe siku ya harusi, ziwa likishafunguliwa.

Likafunguliwa. Baba alihangaika na nyavu, akarudi na sangala mmoja. Kichwa chake kilienea kwenye kisahani cha chai.

Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akakiangalia sana.

“Mukwe, uyu alikuwa mutoto.”

Kisha akakila chote, kwa ajili ya dada yangu, na baba, aliyepiga makofi kuliko wote ziwa lilipofungwa, akatazama pembeni.